Nguzo Arobaini za Zizi

Juzi mwenzangu wa kazi pale zahanati, binti wa Ipililo aliyekuwa ametoka likizo, alifungua mfuko mezani kwangu, na kabla sijaona kilichomo nikawa tayari nimekijua. Harufu ya matobolwa haifichiki. Ni harufu ya viazi vitamu vilivyochemshwa, vikakatwa, vikaanikwa juani mpaka vikakakamaa; tamu kidogo, vumbi kidogo, na moshi kwa mbali. "Karibu mama, nimekuletea vya nyumbani," binti akasema. Nikachukua kipande nikakiweka kinywani, nikaanza ile kazi ya kukilainisha kwa mate, maana ukikurupuka kukitafuna unaweza kuacha jino. Nikiwa hivyo, mdomo umejaa, siwezi kusema hata asante, nikajikuta niko darasa la saba, nimesimama kwenye vumbi nyuma ya shule, na darasa zima linanisubiri niseme jibu la swali la Hisabati.

Nitawasimulia taratibu, maana mambo haya nimezoea kuyasimulia vibaya.

Wakati huo mkoa wa Simiyu ulikuwa haujazaliwa. Simiyu ulikuwa mto tu, na sisi watu wa Bariadi tulihesabiwa Shinyanga. Kijiji chetu kilikuwa upande wa Zagayu, mbali na barabara ya magari, na shule yetu ilikuwa na madarasa manne ya matofali, mawili ya tope, na shamba la pamba lililotutoa jasho kuliko masomo yote. Ilikuwa miaka ile biashara zilipofunguliwa. Sukari iliyokuwa ikipangiwa foleni ilianza kuonekana dukani mpaka ikazoeleka, mitumba ilijaa minadani, na wanunuzi wapya wa pamba wakaanza kuingia vijijini na malori yao ya rangi rangi, kila mmoja na mzani wake, kila mmoja akiwaita watu kwa kipaza sauti. Baba yangu hakuamini. Maisha yake yote pamba alikuwa akiipeleka sehemu moja na kungojea aitwe, na sasa ghafla watu waliovaa viatu vya kung'aa walikuwa wakimfuata nyumbani kumbembeleza. Alikataa kuuza wiki nzima kwa sababu tu alikuwa anafurahia kubembelezwa.

Kwa hiyo mwezi wa tisa, mtihani ulipofika, pamba yetu ilikuwa bado imejaa chumba tunacholala sisi watoto. Tulilala juu yake. Asubuhi ya mtihani mama alinikalisha kwenye kigoda akanichambua nyuzi za pamba kichwani, moja baada ya nyingine, huku akisali kwa sauti ya chini. Alikuwa Mkatoliki wa kweli kweli. Alipomaliza alinitumbukizia rozari yake mfukoni, akaniambia nisiitoe mbele ya wasimamizi wasije wakadhani nina majibu.

Mtihani wa darasa la saba siku zile ulikuwa na karatasi tatu: Hisabati asubuhi ya siku ya kwanza, Lugha baada ya mapumziko, na Maarifa kesho yake. Walikuja walimu wa shule nyingine kusimamia, pamoja na mgambo mmoja mwenye bunduki ambaye kazi yake kubwa ilikuwa kufukuza kuku. Walimu wetu wenyewe hawakuruhusiwa kusogea. Mwalimu wetu wa Hisabati, mtu mwembamba aliyekuwa akikohoa kabla ya kila sentensi, alikuwa ametuusia jambo moja tu. "Karatasi ikishachukuliwa, imechukuliwa. Msikae kulinganisha majibu. Mtu akijua amekosa asubuhi, mchana anaandika upuuzi." Tuliitikia ndiyo mwalimu, kama tulivyoitikia mambo mengine yote tuliyokuwa hatuna nia ya kuyafanya.

Sasa niwaambie kuhusu Wande. Wande alikuwa rafiki yangu tangu tulipokuwa tunachunga ndama pamoja. Alikuwa mfupi, mwenye sauti ndogo ambayo ilibidi umsogelee ndipo uisikie, na Hisabati kwake ilikuwa kama kunywa maji. Mimi nilizifanya hesabu kwa hasira, nikifuta na kuandika mpaka karatasi inatoboka. Yeye aliliangalia swali, akatulia, kisha akaandika jibu kwa namna ya mtu anayeandika jina lake. Baba yake hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa mtu wa neno moja. Alikuwa amesema, "Akichaguliwa sekondari, ataenda. Asipochaguliwa, ataenda Mkula kwa dada yake." Huyo dada alikuwa ameolewa na mtu aliyefungua duka biashara zilipoachiwa huru, na alikuwa anahitaji mtu wa kumlelea watoto. Nguo za Wande zilikuwa zimeshafuliwa na kukunjwa, tayari kwa safari yoyote itakayotokea. Tangu nilipoanza darasa la kwanza, shule yetu haikuwa imetoa msichana hata mmoja wa kwenda sekondari. Walimu walikuwa wakimtazama Wande na kunyamaza, kama watu wanaoogopa kumshtua ndege asiruke.

Hisabati tukaifanya. Sina mengi ya kusema juu ya hayo masaa, isipokuwa kwamba nilitokwa jasho mpaka kwenye magoti, na kwamba rozari ya mama ilinichoma paja wakati wote. Kengele ilipolia wasimamizi wakakusanya karatasi, wakazitia kwenye bahasha ya kaki, wakaifunga mbele yetu. Tukaambiwa tutoke tupumzike, Lugha itafuata.

Tulipofika nyuma ya shule, kwenye ua wa minyaa, usia wa mwalimu ulikuwa umeshasahaulika.

Aliyeanza ni Masanja. Masanja alikuwa mkubwa kuliko sisi wote kwa sababu alianza shule akiwa ameshachunga ng'ombe miaka mingi. Alikuwa mrefu, mcheshi, na baba yake alikuwa manju, kiongozi wa ngoma anayejulikana mpaka Maswa. Masanja mwenyewe ndiye aliyeongoza ngoma ya shule, na ilisemekana baba yake alikuwa amempa dawa ya mvuto, ile wanayotumia mamanju ili watu wawakimbilie uwanjani. Wapo walioapa kuwa siku hiyo alikuwa nayo mfukoni. Mimi nilikuwa na rozari, kwa hiyo sikuwa na haki ya kumsema mtu.

Ili mwelewe kilichotokea, lazima mjue ngoma zetu zinavyoshindanishwa. Baada ya mavuno, kundi la Wagika hukaa upande huu wa uwanja na wapinzani wao Wagalu upande ule, na ngoma zote mbili hupigwa kwa wakati mmoja. Hakuna jaji aliyekaa na kalamu. Watu wenyewe ndio jaji. Wanatangatanga katikati, wanasikiliza huku, wanasikiliza kule, mmoja anamchekea manju wa huku anabaki, mwingine anavutwa na nyoka anayechezeshwa kule anahama. Jioni inapofika hakuna haja ya kutangaza kitu. Wakikukimbilia umeshinda, wakikukimbia umeshindwa. Mashindano hayo yalikuwa yamemalizika majuzi tu, na mavumbi yake tulikuwa bado nayo miguuni.

Basi Masanja akaokota kijiti, akapiga goti, akasema, "Tuanze na la kwanza." Maswali ya mwanzo hayakuwa na kelele. Sehemu, asilimia, umri wa baba na mwana. Aliyepata alitikisa kichwa, aliyekosa alisonya akaangalia pembeni. Mimi nilipata mawili nikakosa matatu, nikaacha kuhesabu kwa ajili ya afya yangu. Kisha tukafika kwenye swali la zizi. Lilikuwa hivi: mfugaji anataka kujenga zizi la mraba, kila upande una urefu wa mita ishirini, naye atasimika nguzo kila baada ya mita mbili. Atahitaji nguzo ngapi?

Watoto wa Kisukuma kuulizwa habari za zizi. Kila mtu akataka kusema. Wa kwanza alilalamika kuwa zizi la mraba hajawahi kuliona, mazizi ni ya mviringo, na aliyetunga swali bila shaka anakula nyama bila kujua inakotoka. Masanja akamnyamazisha kwa mkono, akachora mraba mkubwa vumbini.

"Mimi nimeandika thelathini na tisa," akasema. "Hesabu inatoa arobaini, sawa. Lakini toeni nguzo moja ya mlango. Au huyo mfugaji ng'ombe wake atawaingiza kwa juu?"

Watu wakacheka. Akainuka akaigiza mtu anayembeba ng'ombe dume mabegani akipanda naye ukuta, miguu inamtetemeka, dume linamlamba shingo. Hata mgambo alicheka. Ndipo Wande, kwa ile sauti yake ndogo, akasema, "Ni arobaini. Ni mzingo, unagawanya kwa umbali."

Semeni nyie wenyewe. Upande mmoja kuna mtu amebeba ng'ombe dume, upande mwingine kuna mtu anasema mzingo. Ungeenda wapi?

Hakuna aliyetuagiza. Miguu yenyewe ilijua. Mmoja akasogea kwa Masanja, wawili wakamfuata, kiranja wa darasa akaenda, wasichana waliokuwa wamekaa kwenye kivuli wakainuka wakaenda, na Masanja akaanza kupiga makofi kwa mdundo wa ngoma ya baba yake, kila anayefika anapokelewa. Hata waliokuwa wameandika arobaini walihama. Nilimwona kijana mmoja ambaye najua aliandika arobaini, maana alikuwa ameisema kwa sauti dakika chache kabla, akipiga makofi kule akishangilia thelathini na tisa. Kwa akili zetu za siku ile jibu lilikuwa limeshapatikana. Watu wengi kiasi kile wangekoseaje?

Upande wa Wande tulibaki wawili, Wande na mimi. Lakini msinisifu bado. Wande ndiye aliyekuwa na matobolwa, kayafunga kwenye kipande cha khanga, na mimi nilikuwa nimeshachukua kipande kikubwa kuliko mdomo wangu. Masanja akaniita, "Kabula, wewe uko wapi?" Darasa zima likanigeukia. Jibu langu lilikuwa arobaini na nne. Nilikuwa nimelipata kwa kuhesabu nguzo kumi na moja kila upande, mara nne, na nililipenda sana. Lakini kusema sikuweza. Nilitoa mlio fulani, nikatafuna, nikasogea karibu zaidi na ile khanga. Wakanihesabu wa Wande, wakaendelea na makofi.

Nilipokuja kumeza, Wande hakuwepo. Alikuwa ameinama akaokota khanga yake, akapita kwenye upenyo wa ua, na alikuwa anakwenda zake kwa njia ya mashambani, hatembei haraka, hageuki nyuma. Kengele ya Lugha ilikuwa karibu kulia. Asiyekuwepo kengele ikilia haingii, na asiyeingia karatasi moja hachaguliwi hata angepata zote nyingine. Hilo tulilijua sote. Nikamkimbilia.

"Unaenda wapi, nkoi?" nikamuuliza. Nkoi ni rafiki, ndivyo tulivyoitana.

"Nyumbani."

"Na Lugha?"

"Ifanyeni nyinyi. Mimi nitaenda Mkula."

Alisema hivyo kwa utulivu kabisa, kama mtu anayekuambia leo ni Jumatano. Mimi nina hasira za karibu, mpaka leo waulizeni wagonjwa wangu, na hakuna kitu kinachonipandisha kama mtu anayeongea kwa utulivu wakati mambo yanaharibika. Nilimshika bega nikamgeuza. Nikamwambia yeye ni mjinga. Nikamwambia Masanja ni mjinga zaidi. Halafu, kwa kuwa nilikuwa nimechemka na mdomo wangu sasa ulikuwa mtupu, nikamwambia kwamba isitoshe wote wawili wamekosa, jibu ni arobaini na nne, kwa hiyo hana sababu ya kuondoka peke yake.

"Si arobaini na nne," Wande akasema.

"Ni arobaini na nne."

"Yaya," akakataa. "Pembe umezihesabu mara mbili."

Nikamnyang'anya khanga, nikaifungua, nikapiga magoti kwenye shamba lililokwisha kuvunwa, katikati ya vishina vya pamba, nikaanza kusimika matobolwa. Nilisafisha mraba kwa kiganja changu. Upande mmoja nikaweka vipande vinne, nikaenda upande wa pili, wa tatu, wa nne. Nilikuwa na uhakika kabisa wa kumwaibisha. "Nne, mara nne," nikamwambia, "kumi na sita. Haya hesabu." Wande hakuhesabu. Alisimama tu akinitazama, mikono nyuma. Nikahesabu mwenyewe. Nikapata kumi na mbili. Nikahesabu tena nikianzia pembe nyingine, nikidhani labda nimekula kimoja. Kumi na mbili.

Wakati huo akapita mama mmoja na mzigo wa kuni kichwani. "Mwangaluka," akatusalimu. "Mwangaluka, mayu," tukamjibu. Akasimama akaviangalia vile viazi vimepangwa ardhini, vizuri, kwa mistari. "Sasa ninyi watoto mnapanda matobolwa?" akauliza. Akaguna akaenda, na nadhani alisimulia habari zetu jioni ile nyumbani kwake.

Wande akaanza kucheka. Alicheka bila sauti, mabega yanapanda na kushuka, mpaka akachuchumaa. Na mimi niliyekuwa nimepoteza swali nililolipenda, nikacheka pia, kwa uchungu. Lakini nilikuwa sijamaliza. Palikuwa bado na Masanja, na ng'ombe wake wa kuingia kwa juu. Nikaokota kijiwe, nikasema huyu ni ng'ombe, tuone atapita wapi. Nikakisukuma kwa kidole kutoka nje ya zizi. Kikafika kwenye nguzo, kikakwama. Nikakirudisha nikakisogeza pembeni kidogo, kikapita katikati ya vipande viwili, kikaingia ndani bila kugusa kitu.

Nikabaki nimekodoa macho. Nikakitoa kijiwe nikakiingiza tena, mahali pengine, kikapita. Ng'ombe hapiti kwenye nguzo. Anapita kati ya nguzo na nguzo. Mlango haukuhitaji kunyang'anya nguzo hata moja, ulikuwepo tayari, kila upande, ukisubiri tu kuachwa wazi. Nimefunga na kufungua mlango wa zizi la baba asubuhi na jioni tangu nijue kutembea, na nilikuwa sijawahi kuliona hilo.

"Ni arobaini," nikamwambia Wande. "Ni arobaini gete, kweli kabisa. Darasa zima wamekosa. Na mimi nimekosa."

Sijawahi kufurahia kukosa namna ile. Nilisimama nikaanza kurukaruka kwenye vishina vya pamba vikinichoma nyayo, nikitangaza kwa shamba lote kwamba nimekosa. Wande alikuwa anakusanya matobolwa, anayapuliza vumbi moja moja na kuyarudisha kwenye khanga. Alipofunga fundo akaniangalia, akavuta pumzi, akasema, "Twende." Na kengele ikalia muda uleule. Tukakimbia.

Tuliingia wa mwisho. Msimamizi alikuwa ameshashika kitasa. Alitutazama miguu iliyojaa vumbi na nyuzi za pamba, akatikisa kichwa, akatupisha. Masanja, aliyekuwa dawati la mbele, akamwambia Wande kwa kunong'ona, "Nilidhani umehamia ngoma nyingine." Hakusema kwa ubaya. Masanja hajawahi kuwa na ubaya.

Majibu yalitoka mwisho wa mwaka, mvua zikiwa zimeshaanza. Mwalimu mkuu aliyasoma nje, watu wamejikinga kwenye kibaraza. Alisoma majina ya wavulana wawili, kisha akasita, akaisogeza karatasi karibu na macho, akasoma jina la Wande. Mwalimu wetu wa Hisabati alikohoa, akatoka akaenda kusimama kwenye mvua. Baba yake Wande, mtu wa neno moja, alirudia neno lile lile: "Ataenda." Na akaenda, mwezi wa kwanza, juu ya lori la pamba mpaka Bariadi mjini, na kutoka hapo kwa basi mpaka sekondari ya bweni ambayo hakuna kati yetu aliyekuwa amewahi kuiona.

Jina langu halikusomwa, wala la Masanja. Baba alikuwa amemuuzia pamba mnunuzi aliyembembeleza vizuri kuliko wote, na mwaka uliofuata akanipeleka kwenye sekondari mpya ya binafsi, mojawapo ya zile zilizokuwa zinaota siku hizo hata kabla madirisha hayajatiwa. Huko nilifanya hesabu kwa hasira zile zile mpaka nikafika chuo cha uuguzi. Masanja naye ana malori yake sasa, ananunua pamba na choroko, na akisimama mnadani watu bado wanamkimbilia. Ukimtania habari za nguzo anakwambia mtunzi wa swali ndiye aliyekosea.

Kwa miaka mingi kisa hiki nilikisimulia kwa namna moja. Niliwasimulia wanangu, wauguzi wenzangu, hata wajawazito waliokuwa wanasubiri uchungu ukolee: kwamba Wande alikuwa ameshakata tamaa, ameanza kuamini kuwa jibu lake ni baya kwa sababu watu wote wamelikataa, nami nikamfuata shambani nikamthibitishia kwa matobolwa. Niliupenda sana mwisho huo. Mimi niliyekosa swali ndiye niliyemrudisha aliyepata.

Krismasi iliyopita Wande alikuja likizo. Anafundisha Fizikia kwenye sekondari moja huko Kahama, na sauti yake bado ni ndogo, nasikia wanafunzi wake wananyamaza ndipo wamsikie. Tulikuwa uani kwangu tunachambua choroko, watoto wamezunguka, nami nikakianza kisa changu. Wande alisikiliza mpaka mwisho, akacheka mahali pa kucheka. Watoto walipotawanyika akasema, bila kuinua macho kwenye ungo, "Kabula, mimi sikuwahi kuwa na shaka na ile arobaini."

Nikamwuliza ana maana gani.

"Nilijua nimepata. Nilijua nimepata karibu yote. Ndiyo maana niliondoka." Akapuliza makapi. "Niliwatazama wanavyokwenda kwa Masanja wanacheka. Nikaona nikichaguliwa ndivyo itakavyokuwa. Ninyi wote kule, mimi huku na jibu langu. Nikasema afadhali Mkula, kule kuna dada, kuna watoto, kuna watu. Sikuogopa kukosa, nkoi. Niliogopa kupata."

Nilikuwa nimekaa na kisa hiki karibu maisha yangu yote nikidhani ni kisa cha hesabu.

"Sasa mbona ulirudi?" nikauliza.

"Wewe uliandika arobaini na nne," akasema. "Hukuwa upande wangu hata kidogo. Na bado ulikuja."

Tuliendelea na choroko mpaka giza likaanza kuingia. Kichwani nilikuwa nakimbia tena katika lile shamba, taratibu, nikitazama vizuri. Na nikakumbuka jambo ambalo sijawahi kulitia katika kisa changu kwa kuwa sikuona maana yake. Tulipokuwa tunakimbia kurudi shuleni tulikuwa tumeshikana mikono, na nilipoketi kwenye dawati vidole vyangu vilikuwa vimekufa ganzi kwa kubanwa, ikabidi nivikunjue kimoja kimoja kabla ya kuweza kushika kalamu. Siku zote nilidhani mimi ndiye niliyekuwa nimemshika yeye.